Yah: Tiki yenu ya kijani kwenye maduka yasiyo na leseni

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Salaam. Naandika kuhusu apu yenu ya kutafutia maduka ya bangi hapa New York. Nimeshachati na lile roboti lenu mpaka nimechoka, kila nikieleza linajibu "asante kwa maoni yako", sasa haya sio maoni, ni malalamiko, na naomba yasomwe na binadamu.

Iko hivi. Nimetafuta duka karibu na ninapokaa, Bronx, apu ikaniletea moja lina tiki ya kijani na limeandikwa limehakikiwa, nikaweka oda humo humo mkanikata dola 4 mnayoita ada ya huduma. Kufika pale mlangoni hamna ile karatasi ya jimbo yenye msimbo wa QR. Na nyie mnajua kabisa, maana ndo biashara yenu, kila duka lenye leseni New York linatakiwa liibandike karibu na mlango mkuu, unaiskani na simu inakupeleka kwenye orodha ya OCM, ile ofisi ya jimbo inayosimamia bangi. Nikaingia hivyo hivyo nijionee. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho, wakati sheria inasema miaka 21 na kwenye maduka halali wanakiomba hata ukiwa na mvi kama mimi. Kaunta imejaa pipi za bangi zenye paketi kama za pipi za watoto wa chekechea, moja imeandikwa miligramu 1,000 za THC, ile kemikali ya bangi inayolevya. Elfu moja jamani! Duka halali paketi nzima haizidi miligramu 100 na kipande kimoja mwisho 10, tena kuna alama ya jimbo na sehemu ya kuangalia majibu ya maabara. Nikamuuliza kijana wa kaunta majibu ya maabara yako wapi, akaniangalia kama nimemdai cheti cha ndoa cha babu yake. Risiti hawatoi, kodi hawakati. Duka halali unakatwa asilimia 13, 9 ya jimbo na 4 ya serikali za mitaa, inauma ndio, ila angalau unaiona imeandikwa.

Nikaondoka mikono mitupu, na nyie kwenye apu mkaandika oda "imekamilika" kwa hiyo ada hairudishwi. Imekamilika vipi wakati sijachukua kitu?

Na msijifiche kwenye ule mchafuko wa zamani. Najua ulikotoka: sheria ya kuhalalisha bangi imesainiwa Machi 31, 2021, duka la kwanza lenye leseni likafunguliwa Desemba 29, 2022 kule Manhattan, hapo katikati kila kibanda cha sigara kikageuka duka la bangi na mtu wa kawaida hakuweza kutofautisha. Sawa. Ila 2024 jiji limepewa meno, masherifu wakapita wakifunga makufuli, maduka zaidi ya 1,000 yakafungwa, na orodha ya OCM ya wenye leseni iko wazi, bure, hata mimi naifungua kwenye simu yangu ya kioo kilichopasuka. Kampuni yenye mainjinia inashindwa kulinganisha orodha mbili? Mbona siku nyingine mmenipeleka kwenye duka lina karatasi ya sherifu kwenye geti na kwenye apu mmeandika "liko wazi sasa"?

Jibu nimelipata chini kabisa kwenye masharti yenu, kwa herufi za kutafuta na miwani: tiki anapewa yeyote anayelipia kifurushi cha mwezi. Leseni hamuulizi. Basi semeni ni tangazo, msiweke rangi ya kijani mtu akadhani serikali imepita hapo.

Hii sio dola 4 tu. Mwaka 2022 chama cha wafanyabiashara wa bangi ya tiba kilinunua bidhaa kwenye maduka 20 yasiyo na leseni, wakapima, nyingine zikakutwa na madini ya risasi na bakteria wa E. coli na salmonela. Halafu leseni nyingi za mwanzo za maduka jimbo liliwapa watu waliowahi kuhukumiwa kwa kesi za bangi au ndugu zao wa karibu, watu wameshaonja joto ya jiwe, wanalipa kodi na pango la New York (na pango la huku mnalijua), nyie mnawaweka chini ya duka la magendo kwa sababu limewalipa. Inakera sana kwa kweli.

Na wageni wenzangu ndo mnawapoteza kabisa. Mimi nimeshakula kiapo cha uraia, lakini mwenye green card bado anabanwa na sheria ya Marekani nzima, ambayo haijali jimbo limeruhusu nini, tangu 2019 uhamiaji wameandika wazi kwamba bangi inaweza kumkwamisha kwenye uraia. Apu yenu inamwambia "halali kwa wote wenye miaka 21" bila neno lingine.

Nachotaka: dola 4 zangu zirudi kwenye kadi, maduka yote ya Bronx yasiyo kwenye orodha ya OCM yaondolewe tiki, na mtu mwenye jina anijibu kwa barua pepe ndani ya siku 14. Mkikaa kimya hivyo hivyo, picha za skrini ninazo zote na zinaenda OCM pamoja na barua hii.

Mteja wenu,
Bronx