YAH: Pampu ya mafuta mliyojua ni mbovu mkakaa kimya

Kwenu kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika nikiwa na hasira na sifichi, mana wiki tatu zilizopita gari yenu ilinizimikia barabara kuu nikiwa spidi 90, siti ya nyuma wanangu wawili, na lori linakuja nyuma yangu. Taa ya onyo hakuna, nakanyaga mafuta gari haiitiki, mara usukani ukawa mzito na breki nilivyokanyaga mara ya pili ya tatu ikawa ngumu kama jiwe. Nilichoweza ni kuwasha indiketa zote na kuipeleka pembeni kwa ule mwendo uliobaki. Yule dereva wa lori Mungu ambariki, alikuwa macho.

Na dalili zilikuwepo. Kama miezi miwili hivi ilianza kumisi, ikifika kwenye kilima haivuti, ikipata joto inazima, ukiiacha ipoe inawaka kama hakuna kilichotokea. Nikaileta kwenye gereji yenu wenyewe, wakabadilisha plagi, wakaosha nozeli, wakabadilisha filta, nikalipa kila kitu na risiti nimeziambatanisha. Hakuna hata mmoja aliyeingiza namba ya chesisi kwenye kompyuta aone kama gari hii imeitwa na kampuni irudishwe kurekebishwa kasoro. Hiyo ndo inaniuma kuliko hata hela.

Aliyegundua ni fundi wa mtaani. Alinyanyua siti ya nyuma, akafungua mfuniko wa tangi, akatoa pampu na kuifungua mbele yangu. Ndani kuna kipangaboi kidogo cha plastiki, ndo kinachosukuma petroli kwenda kwenye injini. Akaniambia kizungushe kwa kidole, nikajaribu, hakiendi. Plastiki imenyonya petroli ikavimba mpaka inasuguana na ukuta wa pampu, ukisogeza tochi unaona mikwaruzo na nyufa nyembamba kama unywele. Jioni nikaingiza namba ya chesisi mwenyewe kwenye tovuti yenu, dakika mbili tu nikaikuta: pampu ya mafuta, inaweza kuzimisha injini gari ikiwa kwenye mwendo, inabadilishwa bure. Tangazo lina zaidi ya mwaka!

Nilipopiga simu nikaambiwa gari niliinunua kwa mtu kwa hiyo barua ilienda kwa mwenye gari wa kwanza. Jamani, nyie si ndo mmeifanyia sevisi mara nne kwa jina langu na namba yangu ya simu? Meseji za ofa ya matairi zinanifikia kila mwezi, ya kwamba gari inaweza kuniua na wanangu haikufika. Kasoro inafuata chesisi, haimfuati mnunuzi. Marekani kampuni ikishajua kuna kasoro ya usalama ina siku 5 za kazi kuripoti serikalini, na baada ya kuripoti ina siku 60 kuwaandikia wenye magari, na pale wanaandikiwa wenye gari wa sasa kwa usajili uliopo, sio waliokwisha uza. Inawezekana basi.

Sasa nataka hivi. Mnibadilishie pampu bure, na iwe ile iliyorekebishwa sio nyingine ya toleo lile lile lililovimba. Mnirudishie hela ya plagi, nozeli na filta pamoja na ya kuvutwa gari, mana ule ugonjwa haukuwa huko na nyie ndo mliokuwa na jibu. Mmesema spea haipo stoo, sawa, basi mnipe gari ya kutumia mpaka ifike, kuniambia "endesha taratibu" siyo jibu, pampu haiangalii spidi. Na kila gari ikiingia gereji kwenu chesisi iangaliwe kabla hata boneti haijafunguliwa, kuna watu wanaziendesha hizi saa hii na hawajui.

Gari ipo imepaki, siiwashi. Pampu ya zamani nimeihifadhi kwenye mfuko, mtu wenu akitaka kuiona aje, kuwaachia siwaachii mpaka nipate majibu kwa maandishi.

Mteja wenu