Albamu ni moja, ila diski ni nne na bili ni ya nne

Wiki iliyopita mteja mmoja katuandikia usiku wa manane, meseji ndefu herufi kubwa tupu, kwamba tumemuibia. Boksi la CD alilotuletea tumuingizie kwenye kompyuta ni moja, kava ni moja, msanii ni mmoja, iweje bili iandikwe diski 4? Akamalizia kwamba kazi yenyewe ni kubadilisha majina ya mafaili tu, hata mdogo wake anaweza. Iliuma kidogo, maana boksi hilo lilitukalisha jioni mbili. Tulimjibu kwa upole, ila kwa vile malalamiko haya hayaishi tumeona tuandike yote sehemu moja, tukikwazana tena tunakutumia linki tu.

Tuanze na hilo la majina. Jina la faili ni lile unaloliona ukifungua folda. Tagi ni maandishi yanayokaa ndani ya faili lenyewe, na plea nyingi, yaani programu za kupigia muziki, zinapanga muziki kwa kusoma tagi, jina la nje wala hazina habari nalo. Unaweza kuliita faili "huu wimbo noma" na simu ikaendelea kukuandikia Track 07, msanii hajulikani, albamu haijulikani. Kwa hiyo mdogo mtu akikesha anabadilisha majina kwenye folda, amefanya kazi kweli, jasho limemtoka, lakini asubuhi ukifungua plea fujo iko vilevile.

Na fujo inatoka wapi? Wengi wanadhani majina ya nyimbo yameandikwa ndani ya CD. Kwenye CD nyingi hayamo. CD ya muziki ilivyopangwa mwaka 1980 ina sauti na orodha ya kila traki inaanzia wapi, basi. Ipo CD-Text, yaani majina yaliyoandikwa ndani ya CD, iliyokuja baadaye, 1996, ila sisi diski zenye nayo tunakutana nazo kwa nadra. Kwa hiyo unaporipu, yaani unapohamisha muziki wa CD kwenda kwenye kompyuta, programu inachukua ile orodha inaenda kuuliza kwenye databesi ya intaneti, jamani nani anaijua diski yenye traki za urefu huu, na databesi inajibu kile ambacho mtu fulani huko aliwahi kukiandika. Sasa shika hapo: inauliza diski moja moja. Ya kwanza aliiandika mtu mmoja, ya pili mwingine, kila mtu na mwandiko wake. Boksi la huyu bwana lilirudi hivi: ya kwanza jina la albamu likifuatiwa na Disc 1, ya pili CD2 imebanwa bila nafasi, ya tatu namba imeandikwa kwa maneno, ya nne haina namba kabisa na msanii kawekwa Various Artists, wasanii mbalimbali, eti kwa sababu kuna wageni wawili wameshirikishwa. Plea ikisoma hapo haioni boksi moja, inaona albamu 4 za wasanii wawili, na ile ya nne imeenda kukaa huko chini kwenye herufi V.

Dawa yake ukiitazama ni rahisi. Jina la albamu liwe lilelile kwenye diski zote, herufi kwa herufi. Msanii wa albamu awe mmoja, wageni wabaki kwenye sehemu ya msanii wa wimbo. Namba ya diski ina sehemu yake peke yake, unaandika 1/4, 2/4 hivyohivyo, na traki zinaanza upya na 1 kila diski. Kwenye mafaili ya MP3 sehemu hiyo inaitwa TPOS, kwenye yale ya FLAC ni DISCNUMBER, ila ukitumia programu za kuhariri tagi kama Mp3tag au Kid3 huna haja ya kukariri. Nimesema rahisi, lakini hiyo "herufi kwa herufi" ina mambo yake. Kuna boksi la diski 3 lilikataa kuungana, majina tumekagua yanafanana, mwaka unafanana, kava lilelile, kila tukiskani upya diski ya pili inabaki nje kama mtoto aliyefungiwa mlango. Nusu saa nzima. Kumbe mwisho wa jina la albamu kuna nafasi moja tupu, aliyeandika aligusa spesi akaenda zake. Kwa macho huioni, plea inaiona.

Sasa njia za mkato. Inayopendwa zaidi ni kuandika CD1 na CD2 kwenye jina la albamu. Tunaelewa ilikotoka, tagi za kwanza za MP3 za mwaka 1996 hazikuwa na sehemu ya namba ya diski, tena jina la albamu lilipewa herufi 30 tu, jina likiwa refu hata hiyo CD2 yenyewe inakatwa. Lakini toleo la pili lilitoka 1998 na sehemu hiyo imo, kwa hiyo miaka yote hii watu wanabananisha bure. Unaicheza albamu, inakoma katikati maana kwa plea imeisha, siku ukihamia programu za maktaba kama Jellyfin au Plex maboksi yako yote yamekatwakatwa, ndipo unatupigia simu.

Nyingine ni kuhesabu traki mfululizo, 1 mpaka 52, kana kwamba diski hazipo. Kuna kaka mmoja DJ alifanya hivyo kwa maboksi yake yote kwa sababu redio ya gari lake haisomi namba ya diski, ilikuwa inampigia wimbo wa kwanza wa kila diski, halafu wa pili wa kila diski, yaani vurugu. Nia ilikuwa nzuri. Baadaye akapata toleo jipya la diski moja lenye nyimbo 3 za ziada, kuiingiza pale katikati namba zote za mbele zikasogea, na kijitabu cha kwenye boksi hakifanani tena na chochote. Redio kama hizo mara nyingi zinafuata jina la faili, kwa hiyo tagi ungeziacha, jina la faili ndilo ulianze na namba ya diski: 1-01, 1-02, ukifika ya pili 2-01. Na hiyo sifuri usiidharau, bila sifuri vifaa vingine vinakupangia 1, 10, 11 ndiyo vinarudi kwenye 2.

Ila hizo zinarekebishika. Inayotutoa machozi ni hii nyingine. Kuna dada alikuwa na boksi la diski 6, konsati tupu, lilikuwa la marehemu kaka yake. Akaripu mwenyewe siku ambayo intaneti haipo, kwa hiyo kila diski ikatoa Track 01, Track 02 mpaka mwisho. Folda akatumia moja, si albamu ni moja. Diski ya pili ilipoanza kompyuta ikamuuliza, faili lenye jina hili lipo, libadilishwe? Akabonyeza ndiyo kwa yote. Alipofika kwetu alitaka tagi tu. Tukafungua folda, mafaili 21. Diski 6 mafaili 21? Tukaweka urefu wa kila traki pembeni ya ule ulioandikwa mgongoni mwa boksi tukalinganisha moja moja. Traki 1 mpaka 14 zilikuwa za diski ya sita, 15 hadi 17 mkia wa diski ya tano, 18 hadi 21 mkia wa ya tatu ambayo ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Ya kwanza, ya pili na ya nne hakuna hata dakika moja. Tukamuuliza diski zenyewe ziko wapi, akanyamaza kwanza, kumbe ameshazigawa kwa watu maana "zimeshaingia kwenye kompyuta". Alizunguka wiki kadhaa kuzikusanya. Zikapatikana tano, moja ina mkwaruzo mbaya tukairipu kwa spidi ya chini usiku kucha, ya pili mpaka leo haijaonekana. Na kwenye maktaba yake nafasi ya hiyo ya pili tumeiacha wazi, tagi zinasema 1/6 kisha 3/6, hatukuzisogeza. Siku ikipatikana inaingia mahali pake.

Ah, na wale wa kubonyeza Scan kwenye Picard, programu ya kujaza tagi, kwa maktaba nzima. Programu ni nzuri, sisi wenyewe tunaitumia kila siku, lakini Scan inatambua wimbo kwa sauti yake, na wimbo mmoja unaweza kuwa kwenye albamu ya kwanza, kwenye mkusanyiko, na kwenye mkusanyiko wa mkusanyiko. Boksi la diski 3 tuliwahi kuletewa limetawanyika kwenye albamu 11. Albamu nzima nzima unaikusanya kwanza ndiyo unaitafutia toleo lake, ukilinganisha na idadi ya traki za kila diski uliyoishika mkononi.

Turudi kwenye bili. Tunahesabu diski kwa sababu kila diski inafutwa vumbi, inaripiwa peke yake, inalinganishwa na databesi ya AccurateRip kuona kama imesomeka sawa na zilivyosomeka kwa wengine, ikikataa inarudiwa. Diski haijui kwamba ina ndugu zake 3 kwenye boksi. Kuziunganisha kwa tagi ndiyo kazi inayofuata, na hiyo kwa boksi zima tunachaji mara moja. Ukituletea kitu ambacho umeshakipitishia CD1 CD2 na namba za mfululizo tunachaji zaidi, ndiyo, kwa sababu hapo tunabomoa kabla ya kujenga. Na kama unaweza kukaa ukajaza zile sehemu mwenyewe diski ya kwanza mpaka ya mwisho, jaza, hatukudanganyi, pesa yako itulie mfukoni. Tunachoomba tu usigawe diski kabla hujasikiliza mafaili.

Yule bwana wa herufi kubwa juzi katutumia picha ya simu yake, kava moja, chini yake Diski 1 mpaka 4 zimejipanga, hakuandika neno lolote. Jana ndiyo akaandika, safari hii herufi ndogo, kwamba ana boksi jingine la diski 10 na anaomba tumhesabie kama moja.

Tumemwambia kumi.