Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni Zanzibar: ZIFF ifunguliwe Pemba

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kuhusu Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, na ombi langu ni moja: usiku wa ufunguzi wa tamasha lijalo ufanyike Pemba, na gharama ya kulivusha ibebwe na wizara yako.

Sina ugomvi na Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja. Tangu 1998 imekuwa nyumba ya tamasha hili, na anayekaa pale usiku, upepo wa Forodhani ukimpiga, haoni ajabu kwamba waasisi waliliita Tamasha la Nchi za Jahazi. Najua pia kwamba ZIFF imewahi kupeleka maonyesho vijijini, Unguja na Pemba. Lakini tuzo, watengenezaji filamu na kamera za waandishi hubaki mjini. Shamba hupata skrini tu.

Mtu wa Wete, huku Pemba, anayetaka kuona filamu Ngome Kongwe hazuiwi na kiingilio. Kinachomzuia ni nauli ya boti, pahala pa kulala na siku za kazi zinazopotea. Hata mama wa Makunduchi, kusini ya Unguja, ambaye habari yake ni ya barabara tu, filamu ikimalizika usiku atapata wapi daladala ya kumrudisha? Na mjini kwenyewe sinema za Majestic, Empire na Cine Afrique zilishazimika zamani. Vijana wetu wamekulia kwenye simu na vibanda umiza, vile vibanda vidogo vya video. Hawajui raha ya kucheka na watu mia kwa pamoja, wala ubishi wa baadaye, ambao mimi naupenda kuliko filamu yenyewe.

Hapo ndipo tamasha linapofanya kazi yake. Filamu inayogusa talaka, dawa za kulevya au uvuvi haramu, ikioneshwa kiwanja cha mpira baada ya sala ya Isha, kesho yake itajadiliwa barazani, sokoni na ukumbini kwa kina mama. Mradi ieleweke. Maandishi ya Kiingereza chini ya skrini hayamsaidii bibi yangu. Waiteni wale mafundi wa kutafsiri filamu kwa sauti, wanaochekesha vibandani kila siku. Kazi hiyo wanaiweza kuliko mkalimani yeyote wa mkutano.

Mtaniambia Pemba hakuna miundombinu. Mheshimiwa, umeme wa waya wa chini ya bahari ulifika kutoka Tanga mwaka 2010. Viwanja vipo, skuli zipo, na masheha, viongozi wa shehia zetu, wanajua kukusanya watu, maana wakati wa kampeni hatuoni wakishindwa. Kinachohitajika ni skrini kubwa, projekta nzuri, spika na lori la kuvibebea. Vyote hivyo vikinunuliwa na serikali vitatumika mwaka mzima, tamasha likiwepo lisiwepo.

Nasikia tamasha likisifiwa kwa wageni linaowaleta na vyumba vya hoteli vinavyojaa. Sawa, fedha tunazitaka. Ila utalii una wizara yake. Wewe umekabidhiwa utamaduni, na utamaduni una wenyewe.

Basi wakati wa kuwasilisha bajeti yako Baraza la Wawakilishi, tunaomba kuisikia safari ya Pemba ikitajwa kwa shilingi zake. Viti vya wageni rasmi visikutieni wasiwasi. Tutaazima vya skuli.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa filamu, Wete