Mama Shamim, kuhusu Sultani na yule dokta wa boda

Mama Shamim wangu,

Salamu nyingi toka Tororo, sisi huku wazima, mvua imetunyeshea mpaka maharage yameanza kuoza shambani lakini watoto wako salama na hilo ndilo kubwa. Ujumbe wako niliusoma usiku nikiwa kitandani tayari, ile sehemu ya kwamba umepata dokta wa mifugo anayekuja mpaka huko kwako Walukuba, Jinja, na boda yake nimeifurahia kweli, lakini ile sehemu ya paka wako Sultani "kukosa choo" ilininyima usingizi, ndio maana nikasema nisikupigie tu, wacha niandike yote uwe nayo, uweze kurudia kusoma.

Nianze na Sultani. Unasema asubuhi moja aliingia kwenye boksi la mchanga mara kumi, anachuchumaa, analia, hakitoki kitu, ukampigia dokta ukamwambia paka hapati choo, akakuletea dawa ya kulainisha na kesho yake akawa sawa. Alhamdulillahi kama mnavyosema kwenu, amepona. Lakini rafiki yangu, paka dume akichuchumaa na kulia hivyo, cha kwanza kufikiria ni mkojo. Dume njia yake ya mkojo ni nyembamba sana, inazibwa na ute au vijiwe vidogo kama mchanga, mkojo unarudi nyuma, figo zinashindwa kusafisha damu, potasiamu inapanda kwenye damu na mwisho moyo unasimama. Na hii haichukui wiki, ni siku moja mbili, akijaliwa sana tatu. Labda safari hii ilikuwa choo kweli, sijui, sikuwepo, ila ikirudi tena naomba usisubiri Jumamosi ya dokta. Angalia mchanga kama una hata tone la mkojo, mguse taratibu tumbo upande wa nyuma, ukikuta kitu kigumu cha duara kama chungwa dogo usikibonyeze, mtie kwenye boksi la kubebea utoke siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni Idi. Hapo anatakiwa kulazwa usingizi, apitishiwe mpira wa kutoa mkojo, awekwe dripu, damu ipimwe, na aangaliwe siku mbili tatu usiku na mchana kwa sababu inaweza kuziba tena. Hayo yote mtu wa boda na kisanduku chake hawezi kuyafanya sebuleni kwako, hata awe msomi namna gani.

Sasa usije ukadhani namkataa dokta wako. Mimi mwenyewe sasa hivi ni mtu wa kuita dokta nyumbani na sitaacha. Paka hasa, unajua Sultani ukimtia kwenye gunia kumpeleka mjini na boda, akifika pale moyo unamdunda, joto limepanda, hata ukimpima hupati jibu la kweli, lakini akikutwa kwake chini ya meza anashikwa vizuri. Halafu dokta akija anaona unavyoishi na mnyama. Mimi yule mbwa wangu wa sasa, Simba, kila mwezi kupe, naosha, napaka dawa, wiki mbili wamerudi, mpaka dokta alipokuja akaacha kumwangalia mbwa akaanza kuangalia ukuta wa banda, akachukua kijiti akachokonoa ufa mmoja wa tofali, wakadondoka kupe wadogo wa kahawia wengi mpaka nikasisimka mwili. Kumbe hao kupe wa mbwa wanashuka, wanajificha kwenye nyufa, wanataga mayai humo, halafu wanapanda tena. Ningempeleka Simba kliniki mara mia wasingeliona hilo. Tukaziba nyufa kwa saruji, tukapulizia banda, ndipo wakapungua.

Na mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, bora dokta aje, kuliko umweke kwenye sakafu ya kliniki ambapo asubuhi amepita mbwa mwenye parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, maana kile kirusi kinakaa kwenye udongo miezi, kinaweza kufika mwaka. Ila hapo hapo dokta mwenyewe anaweza kukuletea kwenye buti zake akitoka nyumba nyingine, kwa hiyo mimi naweka beseni la Jik na maji hapo getini na simwonei aibu, namwambia dokta samahani, kanyaga hapa. Wa kwangu alicheka mara ya kwanza, sasa hivi analitafuta mwenyewe.

Sasa nikwambie kwa nini naogopa. Unamkumbuka Kahawa, yule mbwa wangu jike uliyekuwa unamrushia vichwa vya samaki tulipokuwa majirani hapo Walukuba. Tulipohamia huku akiwa na miaka saba hivi akaanza kunywa maji, sio kunywa ya kawaida, anamaliza beseni, nalijaza, anamaliza tena, halafu anakojoa kila mahali, chakula hataki, hata mukene, wale dagaa, akigusa anaacha. Nikamwita dokta mmoja, sitamtaja na wala sina chuki naye, akaja akapima joto, akaangalia ufizi, akasema homa ya kupe. Huku kwetu kila mbwa mgonjwa ni homa ya kupe, na mara nyingi ni kweli, sasa hakuwa na darubini ya kuangalia damu, akachoma sindano akaondoka. Kesho yake akachoma tena. Siku ya tatu tena. Mimi natulia moyoni nasema dokta anakuja kila siku, nifanye nini zaidi? Yaani ule ujio wake ndio ulionifanya nilale. Siku ya nne tumbo limejaa, Kahawa hasimami, nikamtafuta mwingine, dada mmoja kijana ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe, akachuchumaa hapo verandani akamwekea mkono tumboni, akakaa kimya, halafu akaniuliza, "Mama, huyu alikuwa kwenye joto la kutaka dume lini?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikahesabu, ilikuwa kama wiki sita nyuma.

Akaniambia kizazi kimejaa usaha, inawatokea majike ambao hawajatolewa kizazi, wiki chache baada ya joto, na wengine usaha unatoka nje unauona lakini kwa wengine mlango wa kizazi unafunga usione kitu, mpaka sumu inaingia kwenye damu. Kiu yote ile ndiyo hiyo. Akasema sindano haitoshi, kizazi kitolewe leo au kesho asubuhi, na mimi sitampasua hapa kwenye veranda yako. Nilimsihi, Mama Shamim, kwa sababu ya hela nilimsihi amfanyie hapo hapo, akakataa, akasema mbwa aliyechoka hivi nikimlaza usingizi bila oksijeni na bila dripu na mtu wa kumwangalia anapumua vipi, atakufa mikononi mwangu. Nampenda mpaka leo kwa kukataa kwake.

Tukapata pikapu ya jirani anayepeleka mayai Kampala, zaidi ya kilomita 200, Kahawa amelala juu ya shuka langu katikati ya trei, tukapita hapo Jinja kwenye daraja saa tisa usiku, nilikuwaza nikaona aibu kukuamsha. Kliniki waliangalia na ile mashine ya tumbo dakika tano tu wakasema ni kweli. Walipomaliza wakaniletea kile kizazi kwenye bakuli, mirija miwili minene kama mkono wa mtoto, imejaa, mizito. Niliuza mbuzi wawili kulipa. Siku tatu za sindano nyumbani zilikuwa zimenigharimu pesa kidogo, na karibu zinigharimu Kahawa.

Kwa hiyo sikulaumu kumwamini dokta wako, ila muulize mapema, kabla mnyama hajaumwa: dokta, ukishindwa unampeleka wapi? Mwenye kujibu haraka, akakupa namba ya kliniki yenye maabara na chumba cha upasuaji, huyo mshike. Mwenye kusema mimi sishindwi, huyo muogope. Kampala kliniki zipo, na Makerere pale kwenye chuo cha mifugo, usikubali mtu akwambie Uganda hamna. Na swali lingine ni la siku: tukianza dawa hii, tuone mabadiliko lini, na yasipoonekana tunafanya nini? Hilo ndilo nililokosa kuuliza.

Kuhusu kile ulichosema anaweza kumfanyia Sultani hapo nyumbani, kumhasi, mimi sikubaliani. Kwa dume ni kazi ya dakika chache ndio, lakini usingizi ni usingizi, ampeleke mahali penye meza safi na mtu wa pili wa kumwangalia.

Chanjo aje achome nyumbani bila shida, ila angalia inatoka wapi. Chanjo inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, sasa mtu akiitoa mfuko wa koti saa saba mchana hiyo ni maji tu, mwambie akuonyeshe flaski yenye barafu. Ya kichaa cha mbwa wanaanza wakifika miezi mitatu, halafu kila mwaka, na paka pia, sio mbwa peke yake. Na hapa naongea na wewe kama mama mwenzangu: mbwa au paka akimuuma Shamim, dokta wa mifugo sio wa kumwita kwanza. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukitazama saa, halafu hospitali ya watu siku hiyo hiyo. Mnyama akiwa hai hakuna kipimo cha kukwambia ana kichaa au hana, anafungwa anaangaliwa siku 10, lakini mtoto hangojei hizo siku, anaanza chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa, Kampala hakuna na London hakuna.

Na dawa za kabatini. Shamim aliniandikia pale chini ya ujumbe wako kwamba alimpa Sultani nusu Panadol akiwa na homa, akashindwa kumeza akatema. Mbusu huyo mtoto kwa huruma yake halafu umwambie asirudie tena maisha yake yote, paka ini lake haliwezi Panadol, kidonge kimoja kinaweza kumuua, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa kama wa udongo na uso unavimba. Mbwa naye usimpe brufen, inamtoboa tumbo na kuharibu figo. Na zile dawa za kuogeshea ng'ombe mnazopimiwa dukani kwa kifuniko, usimpake paka hata tone.

Wewe cha kufanya nyumbani kipo kingi. Nunua kipima joto famasi, cha kwake peke yake, kinaingia nyuma na Vaseline kidogo, mbwa na paka wazima wanakaa karibu nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo. Mfunue mdomo akiwa mzima uijue rangi ya ufizi wake, bonyeza kwa kidole, weupe urudi kuwa wa pinki ndani ya sekunde mbili. Ukikuta mweupe kama karatasi, au mkojo kama chai ya rangi, usianze kutafuta dawa, tafuta usafiri. Vile vijipu vya nzi wa maembe kwa mbwa wa getini, hivyo mimi naviziba na Vaseline, nangoja funza atoe kichwa, namkamua polepole asikatikie ndani, hiyo hata simwiti mtu.

Kahawa alikaa miaka minne zaidi, hukujua kwamba ameondoka, sikuweza kuandika wakati ule. Ni mwezi wa pili mwaka huu, figo, tulipima Kampala mara mbili na wakaniambia ukweli kwamba hamna tena cha kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Siku ya mwisho nilimwita yule yule dada. Kahawa alikuwa amelala chini ya mwembe kwenye kivuli, hajainuka tangu jana yake, aliposikia boda inazima injini getini mkia ukagonga chini mara tatu. Dada akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake, akamchoma ya usingizi kwanza, tukamngoja mpaka akakoroma kama anavyokoromaga, ndipo akampa ya pili. Kichwa kilikuwa kwenye mapaja yangu. Hakupanda gari, hakusikia harufu ya kliniki, hakuogopa kitu. Kwa siku kama ile sitaki mahali pengine popote zaidi ya nyumbani, na sitaki dokta mwingine.

Basi, leo jioni fanya hivi, muulize dokta hilo swali la anapeleka wapi, uniandikie jibu. Na mwekee Sultani maji bakuli mbili tatu sehemu tofauti, mbali na mchanga wake, anywe zaidi, na punguza yale makavu ya dukani, mpe chakula chenye majimaji. Boksi lake la kubebea ninalo hapa, lile la plastiki la Kahawa alipokuwa mdogo, kijana wa mayai anapita huko Alhamisi, nitamwachia akushushie pale kwenye stendi. Kufuli lake la pembeni linalegea, lifunge na kamba.

Ni mimi,
Nekesa