Malalamiko kuhusu folda zilizopoteza picha zake baada ya kompyuta kutengenezwa

Karakana ya Nakshi,
Langoni, Lamu.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Malindi.

Bwana Meneja,

KUH: KOMPYUTA YA OFISI ILIYOBADILISHWA DISKI

Assalaam aleikum.

Tuliwaletea kompyuta ya karakana mbadilishe diski iliyokuwa imeanza kusuasua. Kutoka kwetu ni kuvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha basi mpaka Malindi, na mashine niliipakata njia nzima. Diski mlibadilisha na kasi imerudi. Hapo sina neno. Lakini folda zetu zote zimerudi na rangi moja ya manjano, hakuna hata moja yenye picha yake. Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kwamba huo ni urembo tu, kazi zangu zote zimo ndani, basi nishukuru.

Bwana Meneja, urembo huo ndio daftari letu la kazi. Wazee wanaochonga hapa hawafuati majina ya faili. Mteja akitoka Shela kutaka mlango, mzee hutoka uani na vumbi la mbao ya mbambakofi mikononi, akasimama nyuma ya kiti changu na kunyoosha kidole: ile ya waridi, siyo hiyo, ya chini yake, yenye mnyororo pembeni. Kila folda niliiwekea ikoni iliyotokana na picha ya kazi yenyewe. Nilizitengeneza kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia pikseli 16 hadi 256, ili nakshi isomeke hata folda zikipangwa kwa orodha ndogo. Ndani yake mna vipimo vya fremu na mfaa (ubao wa katikati ya mlango), bei za mbao, na picha za milango iliyokwisha kufungwa majumbani mwa watu. Sasa mzee anatazama safu za manjano, haoni pa kuanzia, na mteja amesimama anangoja.

Kijana wenu alinielekeza nifute akiba ya ikoni, yaani nakala za ikoni ambazo Windows hujiwekea, na kuwasha kompyuta upya. Nilifanya hivyo. Dawa hiyo hufaa pale Windows inapoendelea kuonyesha ikoni ya zamani ilhali maagizo yake ni sahihi. Kwetu maagizo yenyewe ndiyo yaliyoharibika, na hilo lingeonekana mara moja kama mtu angefungua folda moja tu akatazama.

Nimetazama mimi. Windows huhifadhi ikoni ya folda katika faili dogo lililofichwa ndani ya folda hiyo, liitwalo desktop.ini. Humo mna mstari unaotaja mahali ikoni ilipo. Wetu ulisema IconResource=D:\Ikoni\waridi.ico,0. Fundi wenu alipofunga diski mpya, herufi D ilichukuliwa na kiendeshi cha DVD, na kazi zetu zikawa kwenye E. Mstari unaendelea kuita D, na kule D hakuna kitu, ndiyo maana Windows inarudisha folda ya manjano. Kubadilisha herufi za diski ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote, naye alikuwa na mashine mezani na diski ya zamani bado iko mbele yake ya kulinganisha.

Hilo ningelisamehe. Ambalo siwezi kulinyamazia ni la pili. Kwenye karatasi ya kazi mliyonipa, fundi ameandika kwa mkono wake kwamba "virusi vya desktop.ini" vimefutwa. Hiyo si virusi. Ni faili la Windows lenyewe, na hufichwa ili watu wasilifute kwa bahati mbaya. Najua virusi vya flashi huacha mafaili ya ajabu na watu wamezoea kushuku kila kitu kilichofichwa, lakini fundi anayelipwa hutakiwa kufungua na kusoma kabla ya kufuta. Ni mistari miwili mitatu tu, haichukui muda. Folda za viti vya enzi na za masanduku zimepoteza faili hilo kabisa, hivyo hata nikirudisha herufi D, hizo hazitarudi.

Folda zilizobaki na faili lake nilizirekebishia mstari uelekee E. Bado zikabaki manjano. Hapo ndipo nilipogundua kwamba fundi pia aliondoa alama ya kusoma-tu kwenye folda zote kwa amri moja. Inaelekea alidhani alama hiyo inazuia kuandika ndani ya folda. Kwa faili ni kweli, lakini kwa folda haizuii chochote: ndiyo inayoiambia Windows kwamba humu mna desktop.ini ya kusomwa. Nilirudisha alama kwenye folda moja kwa amri ya attrib +r, nikafunga dirisha na kulifungua tena, na waridi likatokea. Basi tatizo si kompyuta yetu.

Nalisema hili kwa sababu nilipopiga simu tena niliambiwa kompyuta imezeeka, Windows 10 imefikia mwisho, afadhali ninunue mpya kutoka kwenu. Ni kweli msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba masasisho ya kawaida ya usalama yamesimama, na hilo tutalipangia kwa wakati wetu. Folda haipotezi picha kwa sababu hiyo. Kumtisha mteja kwa habari ya kweli isiyohusika, ili anunue mashine, ni jambo lililoniudhi kuliko hata faili zilizofutwa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo. Nimelipia huduma, nimepewa uharibifu, na habari nimejitafutia mwenyewe.

Kwa hiyo naomba mnirudishie ada ya ufundi; bei ya diski ni halali yenu, siidai. Naomba pia mrudishe faili zilizofutwa kwa kuzinakili kutoka diski ya zamani, ambayo hamkunirudishia. Mkishazinakili, diski hiyo naitaka mkononi mwangu. Ina picha za ndani ya nyumba za wateja wetu, watu waliotufungulia milango kwa kutuamini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu nyinyi kama inavyotuhusu sisi. Msiiuze, msiifute, wala msimpe mteja mwingine.

Kompyuta siileti tena Malindi. Fundi aje Lamu, au mnitumie faili hizo pamoja na diski na nitazirudisha mahali pake mwenyewe. Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, nitapeleka dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo. Nakala za risiti na karatasi ya kazi nimeziambatisha.

Wasalaam,

Msimamizi wa Ofisi,
Karakana ya Nakshi, Langoni.