Mkulima wa zabibu asilipwe kwa hesabu mbili

Mhariri,

Natengeneza programu za simu hapa Nkuhungu, Dodoma. Msimu uliopita mzee mmoja wa Hombolo alinionyesha malipo ya zabibu zake: simu ilisoma pungufu ya karatasi ya karani kwa shilingi 450. Kosa lilikuwa langu. Kanuni ya kutoa uzito wa kreti niliiandika mara mbili, kwenye simu kwa lugha moja ya programu, kwenye seva (kompyuta kuu ya mfumo) kwa nyingine, kisha nikarekebisha upande mmoja tu. Mzee hakugomba. Alinyamaza, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa natumia Kotlin, lugha ya kampuni ya JetBrains ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2016. Kanuni ile naiandika mara moja, inafanya kazi kwenye Android, iPhone na seva. Tena uzito ukiweza kukosekana, lazima niweke alama ya kuuliza, Int? (yaani namba kamili inayoweza kukosekana), na nieleze la kufanya ukikosekana. Nisipoeleza, programu inakataa kujengwa, yaani haifiki hata kwenye simu ya mkulima.

Vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo kwa vitendo wengi hawajawahi kuandika Kotlin. Naviomba vyuo vyetu viifundishe tangu mwaka wa kwanza.

Mtengeneza programu,
Nkuhungu, Dodoma