Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Hesabu atazisoma mhazini mwenyewe. Itoshe kusema michango imekidhi mahitaji na chama hakidaiwi. Langu ni moja, lile lililotugawa mwaka huu: vijana wanapendekeza kila tarehe 1 Juni tukusanyike kwenye sanamu ya Mary Dyer, mama wa imani yetu ya Marafiki (Quakers) aliyenyongwa mwaka 1660, mbele ya Bunge la jimbo la Massachusetts, Boston, Marekani.

Baadhi ya wazee wamekataa. Wanasema sisi Marafiki hatukulelewa kuheshimu sanamu. Wanauliza pia: mama aliyeacha mume na watoto Rhode Island, akarudi mji aliofukuzwa akijua atanyongwa, atawafunza nini binti zetu?

Swali hilo ni zito, nami sikulipuuza. Lakini itazameni sheria yenyewe. Mwaka 1658 Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliotawala Massachusetts, waliamua kwamba Rafiki aliyefukuzwa akirudi, auawe. Tarehe 27 Oktoba 1659 Mary aliwashuhudia Marafiki wenzake, William Robinson na Marmaduke Stephenson, wakinyongwa. Naye, kamba ikiwa tayari shingoni, akateremshwa akaambiwa amesamehewa. Angeweza kutulia nyumbani. Lakini msamaha ule ulimwokoa yeye tu, sheria ikabaki palepale ikiwasubiri wengine. Akarudi, akanyongwa tarehe 1 Juni 1660. Mwaka uliofuata Mfalme Charles II wa Uingereza aliamuru mauaji hayo yakome. Mama huyo simwoni kuwa aliwatupa wanawe.

Na hiyo sanamu, wazee wangu, nendeni mkaione kwa macho. Aliyeitengeneza, Sylvia Shaw Judson, naye alikuwa Rafiki. Hakumwonyesha akihubiri wala akiwa kwenye kitanzi. Mary ameketi tu, kichwa amekiinamisha, mikono imetulia mapajani, kama mama yeyote katika ibada ya kimya. Chini yake yamechongwa maneno yake, kwamba uhai wake si kitu ukilinganishwa na uhuru wa ile kweli. Nakala yake ipo Chuo cha Earlham, Richmond, Indiana, mji uleule yalikokuwa makao ya bodi iliyokuja kuisimamia misheni yetu ya Kaimosi, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1902.

Kwa hiyo naunga mkono vijana, kwa sharti hili: pasiwe na mashada wala hotuba. Tukae kimya, kisha wazee wawasimulie watoto habari hii yote, pamoja na yale yanayowakwaza. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mhazini.